Nani Amelipia Habari za Kolwezi: Kutoka Mwana Shaba hadi Mtandaoni

Magazeti ya kwanza ya ukanda wa shaba wa Katanga yalitoka mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya kuanzishwa kwa mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Yalikuwa mawili, Journal du Katanga na L'Étoile du Congo, yote kwa Kifaransa, na wasomaji wake walikuwa walowezi wachache waliofika kwa reli wakifuata madini. Kwa wasomaji wa idadi hiyo gazeti haliwezi kuishi kwa bei ya nakala. Linahitaji mkono wa pili, na katika mji uliojengwa na mgodi mkono huo hautoki mbali. Mwaka 1928 Jean Sepulchre alianzisha L'Essor du Congo, ambalo lilikua likawa gazeti kubwa la jimbo, na msimamo wake ulijulikana: lilisema kwa niaba ya walowezi na makampuni. Hapo ndipo ilipowekwa kanuni ambayo vyombo vya habari vya Lualaba, jimbo ambalo leo lina mji wa Kolwezi, havijaivunja hadi leo, kwamba anayesoma habari si yule anayezilipia.

Waafrika waliojua kusoma walianza kuandikiwa baadaye. Ngonga, gazeti la kila wiki la Elisabethville, lilitoka mwaka 1934 na kufikia 1935 lilikuwa limekwisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliingia yenyewe katika kazi hiyo. La Voix du Congolais lilianza mwaka 1945 chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba, na mwaka 1948 likafuata Nos Images, jarida la picha lililochapishwa katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Gharama zilitoka katika mfuko wa idara ya habari ya koloni. Waandishi wake Waafrika walipata jukwaa na jina, na wengine waliingia katika siasa kupitia mlango huo, lakini mipaka ya yale yaliyoweza kuandikwa ilichorwa na aliyelipa wino na karatasi.

Kolwezi yenyewe ni mji wa kampuni tangu siku ya kwanza. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliuanzisha mwaka 1937 uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Mfanyakazi wa mgodi wa Musonoi au wa Kamoto alipewa nyumba na kampuni, alitibiwa katika hospitali ya kampuni, watoto wake walisoma shule ya kampuni, na sehemu ya ujira wake ilikuja kama posho ya chakula. Maisha ya namna hiyo yana raha yake na yana gharama yake. Fedha taslimu mkononi ni chache, na mazoea ya kununua kitu ambacho kampuni ingeweza kukigawa hayajengeki kwa urahisi.

Mwaka 1957 kampuni iliongeza kitu kingine katika orodha ya vile inavyovitoa. Mwana Shaba, jarida la Union Minière kwa wafanyakazi wake, lilikuwa na mambo ambayo familia ya mchimbaji iliyatafuta: matokeo ya mpira, ndoa na uzazi, wastaafu waliopewa nishani za utumishi, mawaidha ya usalama kazini, picha za mitambo mipya. Baadaye lilipata toleo la vijana, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi za picha ambazo watoto wa kambi za migodi walizifahamu vizuri kuliko vitabu vyao vya shule. Ni makosa kulidharau jarida hili. Kwa miongo kadhaa hakuna gazeti lililoandika habari za mfanyakazi wa Kolwezi kwa ukaribu kama hilo; jina lake, kijiji chake, timu yake na miaka yake kazini vilichapishwa kwa usahihi. Msomaji asingekuta humo ugomvi wa mishahara, vumbi la mapafu, wala swali la faida ya shaba ilikwenda wapi. Hakuhitajika mkaguzi wa serikali kuyaondoa mambo hayo, maana mhariri alikuwa mwajiriwa kama wasomaji wake.

Uhuru wa mwaka 1960 na kujitenga kwa Katanga chini ya Moïse Tshombe, kuanzia Julai mwaka huo hadi Januari 1963, vilibadilisha majina zaidi ya mahesabu. L'Essor du Congo likawa L'Essor du Katanga. Mwaka 1967 Rais Mobutu aliitaifisha Union Minière, na kampuni ya serikali iliyozaliwa humo ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Mwana Shaba lilihama pamoja na migodi na kuendelea kutoka. Katika miaka ya 1970 magazeti binafsi yalipunguzwa na yaliyobaki yakapewa majina ya kizalendo: Elima na Salongo mjini Kinshasa, Jua Bukavu, Boyoma Kisangani, Mjumbe na Taifa Lubumbashi. Yote yalikuwa chini ya kivuli cha chama kimoja, MPR. Mwandishi alilipwa, pengine vibaya, na hakuwa na haja ya kujiuliza kama msomaji ameridhika.

Kilichofuata ni balaa la nyakati kugongana. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, na magazeti huru yakaibuka nchini kote. Septemba mwaka huohuo sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, uliokuwa moyo wa uzalishaji wa Gécamines, iliporomoka. Kampuni iliyokuwa imezalisha takriban tani 476,000 za shaba mwaka 1986 ilishuka hadi kama tani 30,000 mwaka 1994. Mwaka huo mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Uhuru wa kuandika ulifika Kolwezi wakati mshahara ulipoacha kufika. Gazeti lililopangiwa bei asubuhi lilikuwa limepata hasara jioni. Usajili wa mwaka ulikuwa mzaha. Wafanyakazi wa Gécamines walikaa miezi na miezi bila malipo, hadi mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao walipoachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Tabaka ambalo lingekuwa la wasomaji wanaolipa, yaani mafundi, makarani, walimu na wauguzi wa kampuni, lilifilisika kabla halijawahi kuombwa kulipa.

Katika pengo hilo ndipo ilipostawi coupage, jina ambalo wanahabari wa Kongo huipa fedha anayopewa mwandishi na mtu aliyemwalika kuandika habari zake. Nchini Tanzania watu husema bahasha. Mwenye mkutano, awe mkurugenzi, mchungaji au mgombea, hutoa dola chache kwa kila mwandishi aliyefika, na zaidi kidogo kwa mwenye kamera. Si hongo kwa maana ya kawaida, kwa kuwa mara nyingi hakuna anayetaka uongo. Kinachonunuliwa ni kuhudhuria. Lakini mwandishi asiye na mshahara huenda kwenye mikutano yenye fedha na kukosekana kwenye misiba isiyo na mwalikaji. Matokeo yake yanaonekana katika taarifa za habari za jimbo kwa miaka thelathini sasa: semina, uzinduzi, ziara, hotuba.

Redio na televisheni zilipata mlipaji mwingine, mwanasiasa. Kituo cha Nyota cha Lubumbashi ni cha Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. RTLJ ilikuwa ya wakili na waziri wa zamani Jean-Claude Muyambo. Vituo hivyo viliajiri vijana wengi na kuwafundisha kazi. Udhaifu wake ulidhihirika wenye navyo walipogombana na Kinshasa. RTLJ ilifungwa mwaka 2014, na Nyota ikazimwa mwaka 2016 baada ya Katumbi kuhamia upinzani. Kituo cha mwanasiasa huishi kadiri siasa zake zinavyoishi, na waliokosa mshahara siku ya kufungwa hawakuwa wagombea.

Kuna chanzo kimoja cha fedha katika historia hii ambacho hakitajwi katika mijadala mikubwa, nacho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ni tangazo dogo la redio. Katika mapokezi ya karibu kila redio ya Kongo, mtu huingia na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: jina la marehemu, majina ya watoto na wakwe, mahali pa kilio, siku na saa ya maziko, na kwamba ndugu walioko Likasi, Dilolo na Lubumbashi wanaombwa kujiona wameambiwa. Karani huisoma kwa sauti ya chini, husahihisha jina, hutaja bei kwa kila kusomwa, hupokea franka na kukata risiti. Tangazo lililolipiwa mara tatu husomwa mara tatu. Baada yake huja mama aliyepoteza kadi ya mpiga kura, ambayo huko hutumika kama kitambulisho, kisha shule inayoita wazazi mkutanoni, kisha mtu wa duka la vipuri. Kiasi ni kidogo, lakini huingia kila siku, hutoka kwa watu wengi wasiofahamiana, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye uwezo wa kumwamuru mhariri. Kwa vigezo vya uchumi wa habari, hiyo ndiyo fedha safi kuliko zote zilizowahi kupatikana katika ukanda wa shaba, na ni jambo la kushangaza kwamba waliounda tovuti baadaye hawakuanzia hapo.

Wafadhili wa nje waliingia kwa nguvu vita vya Kongo vilipokuwa vikielekea ukingoni. Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 2002, iliundwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Ilitangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, na ililipa mishahara ambayo redio za wenyeji hazingeweza kuifikia. Ilionyesha kwamba wasikilizaji wa Kongo wanaitambua habari iliyothibitishwa na wanaipenda. Ilionyesha pia jambo la pili: kazi ya kiwango hicho ina gharama ambayo soko la matangazo la nchi haliwezi kuibeba, na tangu kuanzishwa kwake haikupata njia ya kujitegemea. Redio nyingi za jamii zilipata mitambo na mafunzo kutoka mashirika ya Ulaya na Marekani. Mradi ulipomalizika, jenereta ilibaki ila mafuta yake hayakubaki.

Habari za mtandaoni zilianza kuhesabika baada ya intaneti ya simu ya 3G kuwashwa mwaka 2012. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2015, Katanga iligawanywa, na Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Mji uliokuwa na migodi pekee ulipata gavana, bunge na wizara za jimbo, na muda mfupi baadaye bei ya kobalti iliifanya dunia itazame huko. Kinshasa zilizaliwa tovuti ambazo nchi nzima inazisoma, kama Actualite.cd ya Patient Ligodi mwaka 2016. Kolwezi na Lubumbashi zilifuata kwa tovuti ndogo, kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp. Kuanzisha ni rahisi: anwani ya tovuti, simu nzuri, mega za intaneti, pikipiki. Kuendelea mwaka wa tatu ndiko kunakowashinda wengi.

Tatizo la kwanza ni kwamba fedha ya matangazo ya mtandaoni haikai jimboni. Google hulipa mwenye tovuti akishafikisha dola 100, na kwa msomaji wa Kongo anayebonyeza kwa simu, kufikisha kiasi hicho huchukua muda mrefu kuliko kodi ya nyumba inavyoweza kusubiri. La pili ni kwamba wasomaji wengi hawafiki kwenye tovuti kabisa: habari hunakiliwa yote na kupelekwa kwenye kundi la WhatsApp, ambako husomwa na maelfu bila hata mmoja kuhesabiwa. La tatu ni mkono wa serikali juu ya swichi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kote tarehe 31 Desemba na kurudishwa takriban siku 20 baadaye. Redio ingeweza kuendelea kusoma matangazo ya vilio. Tovuti haikuwa na chochote cha kuuza.

Hivyo tovuti za Lualaba zilirudi kwa walipaji wa zamani. Makampuni ya migodi yana idara za mawasiliano zenye bajeti, na jimbo lina miradi ya kutangazwa. Mkataba wa kila mwezi wa kuchapisha taarifa huweza kulipa chumba cha habari kizima. Ziara ya mgodini ina utaratibu wake: basi, kofia ngumu, chakula cha mchana, fedha ya usafiri, na andiko lililokwisha kutayarishwa. Tovuti kadhaa zenye majina tofauti huchapisha andiko hilo siku hiyohiyo bila kubadili koma. Mwana Shaba, angalau, liliandika kwenye jalada kwamba ni la kampuni. Msomaji wa leo huachwa akisie mwenyewe.

Gharama ya mpango huu hupimwa siku ya ajali. Juni 2019 sehemu ya mgodi wa wazi wa KOV iliwaporomokea wachimbaji wadogo walioingia humo. Mamlaka zilitaja vifo 43. Waandishi wa Kolwezi walifika kwanza, walijua lugha, waliijua njia ya kuingilia na familia za waliokufa. Uchunguzi mrefu kuhusu kobalti, hata hivyo, umegharimiwa kwingine: ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016, mfululizo wa Washington Post mwaka huohuo, na wa New York Times mwaka 2021. Mwandishi wa Kolwezi huonekana katika kazi za namna hiyo kama msaidizi wa mgeni, akilipwa kwa siku, mara nyingi bila jina. Malipo hayo ni miongoni mwa mapato ya heshima zaidi ambayo taaluma hii inampatia. Kwa hesabu kavu, msomaji wa New York anayelipa usajili wake wa kila mwezi ndiye aliyegharimia sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu mashimo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi.

Njia ya usajili ilijaribiwa kwa majirani. Nchini Kenya, Nation Media Group iliweka malipo kwenye tovuti yake mwaka 2021, ikitegemea wasomaji ambao kwa vizazi viwili walizoea kununua gazeti asubuhi. Kolwezi haina mazoea hayo, na sababu zake ni za kihistoria kama ilivyoelezwa, si uchoyo wa wakazi. M-Pesa na Airtel Money zipo, kwa hiyo kulipa senti chache kunawezekana kiufundi. Kinachokosekana ni bidhaa ambayo mtu ataona amepungukiwa asipoinunua. Pale bidhaa hiyo ilipopatikana, fedha ilikuja. Mediacongo.net ya Kinshasa imedumu kwa kuchanganya habari na nafasi za kazi, zabuni na matangazo madogo, yaani mantiki ileile ya karani wa redio iliyohamishiwa kwenye skrini. Katika jimbo ambalo kila kijana anatafuta njia ya kuajiriwa katika migodi ya KCC, Tenke Fungurume au Kamoa-Kakula, tangazo la kazi lililothibitishwa kuwa si la matapeli lina thamani kubwa kuliko tahariri.

Lugha nayo imo katika hesabu hii. Mitaa ya Manika na Dilala, komini mbili za Kolwezi, huzungumza Kiswahili, na video za moja kwa moja za Facebook hutumia lugha hiyo. Maandishi ya tovuti ni ya Kifaransa, kwa kuwa wanaotoa matangazo, yaani migodi, mashirika na serikali, husoma Kifaransa. Tovuti huandikia mlipaji wake. Anayetaka mkazi alipe atalazimika kumwandikia mkazi.

Kwa upande wa sheria, ile ya Juni 1996 kuhusu uhuru wa vyombo vya habari iliahidi msaada wa serikali kwa vyombo hivyo, na msaada huo haujawahi kuwa kitu cha kutegemewa. Sheria mpya ya tarehe 13 Machi 2023, iliyotanguliwa na mkutano mkuu wa wadau wa habari mjini Kinshasa Januari 2022, iliviingiza rasmi vyombo vya mtandaoni katika taaluma. Ni hatua, ingawa kutambuliwa hakulipi umeme. Kanuni za aina hii zinaweza hata kuongeza mzigo: Tanzania ilipoweka ada za leseni kwa wachapishaji wa mtandaoni mwaka 2018, JamiiForums ililazimika kusimama kwa muda. Mlango wa wafadhili nao ulifungwa nusu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na kuacha miradi mingi ya habari nchini Kongo ikining'inia.

Wapo wanaodai sehemu ya fedha za madini itengwe kwa habari. Msingi wa kisheria unaoweza kufikiriwa upo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inayataka makampuni yatoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, na inagawa mrabaha kwa serikali kuu asilimia 50, jimbo 25, mamlaka za mahali panapochimbwa 15, na mfuko wa vizazi vijavyo 10. Hadi sasa fedha za jamii huelekezwa kwenye shule, maji, zahanati na barabara, na ni vigumu kumwambia mwanakijiji asiye na kisima kwamba tovuti itangulie. Mfuko wa habari ungefaa iwapo tu makampuni yote yangechangia pamoja na mgawo ukawa mikononi mwa watu wasioteuliwa na mgodi wala gavana. Nje ya masharti hayo ungekuwa Mwana Shaba la pili lisilo na hadithi za picha. Chombo cha Kolwezi kinachotaka kudumu kina nafasi nzuri zaidi kikichanganya matangazo madogo ya wakazi, orodha za kazi na zabuni, kazi za vyombo vya nje zinazotajwa kwa jina la mwandishi, na ruzuku kama nyongeza, bila mlipaji mmoja kuwa mkubwa kiasi cha kuweza kukifunga akiondoka. Kipimo cha mpango wowote kitabaki ile asilimia 15 ya mrabaha inayoingia katika komini, sekta na himaya za machifu zenye migodi: hakuna mtangazaji wa kibiashara atakayelipa ili ijulikane imetumikaje, na hiyo ndiyo habari ambayo wakazi wa Fungurume na Kolwezi wanaidai zaidi ya nyingine zote.